Safari ya vituo 14: Kutoka vibweta vya mitishamba hadi maabara ya mzio, New York

Ukienda New York kumtembelea ndugu yako, huenda ukafanya kosa nililolifanya mimi. Siku moja kabla ya safari utapita sokoni na, kwa kuwa hutaki kufika mikono mitupu, utamfungia kilo moja ya njugu karanga zilizokaangwa kwa chumvi. Utazipanga vizuri kati ya nguo. Kisha utapanda ndege Nairobi, kwani Kenya Airways imekuwa ikiruka moja kwa moja hadi New York tangu Oktoba 2018, na kwa muda wa karibu saa 15 utakuwa ukiwaza jinsi watoto wa dada yako watakavyozigombania.

Nilipofungua sanduku sebuleni kwa dada yangu, mtaa wa Bronx, hakuna aliyezigombania. Dada alirudi nyuma kana kwamba nimetoa nyoka. "Kaka, tafadhali zitoe nje. Usifungue hiyo mfuko." Mpwa wangu, mvulana wa miaka 9, alisimama karibu na mlango akanieleza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtoto anayekutajia jina la shule yake: "Mjomba, mimi nikila hizo naweza kufa."

Nilikuwa nimeambiwa kwamba mtoto huyo "husumbuliwa na vyakula". Sikuwa nimeelewa. Kwetu sisi tuliokulia njugu za kwenye kikombe kando ya barabara, ni vigumu kuamini kwamba kitu hicho hicho kinaweza kumwangusha mtoto mwenye afya.

ADUI ASIYE ADUI

Madaktari huuita ugonjwa huu mzio wa chakula, na wengi wetu huuita aleji. Mwili wa mtoto huiona protini ya njugu kuwa adui. Basi hutengeneza kingamwili za aina ya IgE, ambazo hukaa juu ya seli ziitwazo masti, zikingoja kama askari walio lindoni. Siku njugu inaporudi, hata ikiwa chembe iliyojificha ndani ya biskuti, seli hizo humwaga kemikali, mojawapo ikiwa histamini. Midomo huvimba, ngozi hutoka vipele, tumbo husokota, mtoto hutapika. Hali ikizidi, koo hubana na shinikizo la damu hushuka. Hiyo ndiyo anafilaksia, na inaweza kuua kwa muda mfupi.

Kwa sababu hiyo dada yangu hatoki nyumbani bila kalamu mbili za sindano ya adrenalini. Dukani husoma maandishi ya kila pakiti. Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 iliwalazimisha watengenezaji kutaja waziwazi vyakula 8 vinavyosababisha mzio zaidi, na tangu Januari 2023 simsim imeongezwa kuwa ya 9. Hata hivyo, keki ya sherehe ya jirani haina maandishi.

"Miaka saba nimeishi hivi," aliniambia usiku ule watoto walipolala. "Kazini wameniambia kuna mitishamba ya Wachina inayoponya mzio wa njugu. Wanasema hata hospitali kubwa ya hapa iliifanyia utafiti. Kesho nisindikize Chinatown."

Nikamsindikiza. Nawe twende pamoja, kwani safari yote hii hufanyika kwenye reli moja.

MTAA WA CANAL

Treni nambari 6 ya chini kwa chini hutoka Bronx, hukata kisiwa cha Manhattan kutoka kaskazini hadi kusini, na nauli yake ni takriban dola 3 hata ukienda mwisho wa njia. Shuka Canal Street. Ukipanda ngazi utakutana na wauza mikoba na saa waliotandaza bidhaa zao kando ya barabara, na ukiingia mtaa wa Mott utadhani umevuka bahari. Mabango ni ya Kichina. Samaki wamelazwa juu ya barafu, mboga usizozijua zimepangwa hadi kwenye njia ya wapita njia. Katika bustani ya Columbus, wazee hucheza karata na sataranji ya Kichina, wakizungukwa na watazamaji wanaojua kila mchezaji amekosea wapi.

Mtaa huu una historia chungu. Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini, na sheria hiyo haikufutwa hadi 1943. Watu waliofungiwa milango hivyo walijitegemea kwa mengi, matibabu yakiwemo.

Ingia katika duka la mitishamba. Pua yako itatangulia kukuambia ulipo. Nyuma ya meza kuna ukuta mzima wa vibweta vidogo vya mbao. Ndani ya mitungi ya kioo mna mizizi ya jinsengi iliyofanana na vijitu, uyoga mgumu kama ubao, na majongoo ya bahari yaliyokaushwa, ambayo wavuvi wa Pwani yetu nao wameyauza kwa wafanyabiashara wa China kwa miaka mingi. Kisha, katikati ya ugeni huo, utaona rafiki wa zamani: tangawizi kavu. Na kando yake, ndugu wa mdalasini. Mtu wa Mombasa aliyezoea harufu ya Markiti hatajiona mgeni sana hapa.

Dada alimweleza mwenye duka shida yake. Mzee yule hakujua Kiingereza kingi, kwa hiyo msichana aliyekuwa kwenye sanduku la pesa alitafsiri. Mzee alianza kufungua kibweta kimoja, akauliza swali. Msichana akatuuliza: "Mtoto huyu, koo lake limewahi kufunga?" Dada akasema ndiyo, mara mbili. Mzee akakisukuma kibweta kikarudi mahali pake. "Anasema dawa za tumbo anazo," msichana akatuambia, "lakini hiyo ni kazi ya hospitali."

Si kila muuza dawa angeacha fedha ziondoke hivyo. Nilitamani kumpa mkono.

KITABU CHA MIAKA 1800

Lakini je, uvumi ule wa kazini ulikuwa uongo mtupu? La. Ulikuwa nusu ya kweli, na nusu ya kweli ndiyo huwapotosha watu zaidi.

Mwishoni mwa utawala wa Han, yapata miaka 1800 iliyopita, tabibu Zhang Zhongjing aliandika kitabu cha tiba ambacho Wachina wanakitumia hadi leo. Miongoni mwa dawa zake mna Wu Mei Wan, yaani vidonge vya plamu nyeusi, mchanganyiko wa vitu 10. Ulitumiwa kwa wagonjwa wenye minyoo, wanaotapika na kuharisha. Jambo la kustaajabisha ni kwamba zile kingamwili za IgE zinazomshambulia mpwa wangu akila njugu ni za jeshi lile lile ambalo mwili hulituma kupigana na minyoo.

Mtafiti Xiu-Min Li, aliyekuwa katika shule ya udaktari ya Mount Sinai hapa New York, aliuchukua mchanganyiko huo pamoja na wenzake, wakauongezea uyoga wa lingzhi. Ikawa vitu 11. Mwaka 2001 walitangaza kwamba dawa hiyo iliwakinga panya waliofanywa wawe na mzio wa njugu. Halafu wakafanya jambo ambalo muuza dawa wa mitaani halifanyi: waliondoa vitu 2 walivyohofia vina sumu. Mbili hizo ni mmea wa jamii ya Aconitum, ambao ukikosewa kidogo huweza kusimamisha moyo, na mwingine wa jamii ya Asarum, ambao una asidi inayoharibu figo.

Hofu ya figo si ya bure. Mapema miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakinywa vidonge vya kupunguza unene vyenye mitishamba ya Kichina walianza kuharibika figo, na hatimaye zaidi ya 100 walipatikana na madhara hayo. Mmea mmoja ulikuwa umechanganywa na mwingine ambao jina lake la Kichina linafanana nao.

Vikabaki vitu 9: plamu nyeusi, lingzhi, jinsengi, tangawizi kavu, mdalasini wa Kichina, mizizi ya dang gui, pilipili ya Kichina, na miti miwili michungu iitwayo huang lian na huang bai. Dawa ikapewa jina FAHF-2. Mwaka 2005 watafiti hao waliandika kwamba panya walioinywa hawakupata anafilaksia hata kidogo walipolishwa njugu. Baadaye ikaonekana kwamba kinga hiyo ilidumu zaidi ya miezi 6 baada ya dawa kusimamishwa, muda ambao ni mrefu sana katika maisha ya panya.

Unaweza kuelewa jinsi akina mama walivyoshusha pumzi.

VITUO 14

Rudi sasa kwenye treni nambari 6 uelekee kaskazini. Kutoka Canal Street hadi mtaa wa 96 ni vituo 14. Utapita Astor Place wanakoshuka wanafunzi, Union Square, Grand Central ambako behewa humwaga nusu ya watu wake na kujazwa upya. Ukishuka mtaa wa 96 utakuwa kwenye mpaka. Kusini yake ni majumba ya matajiri. Kaskazini huanza Harlem ya Mashariki, ambako utasikia Kihispania kingi. Pale Park Avenue na mtaa wa 97, treni za juu hutokeza ghafla kutoka ardhini, kama fuko aliyechoka na giza.

Tembea hatua chache uelekee Central Park na utaiona hospitali ya Mount Sinai, iliyoanzishwa mwaka 1852 kama hospitali ya Wayahudi. Jengo lake moja kubwa, lililomalizika 1992, lilichorwa na ofisi ya I. M. Pei, msanifu aliyezaliwa China. Kwa hiyo mkono wa China ulikuwa umeshaingia katika kuta za hospitali hii kabla ya mitishamba kuingia katika maabara yake.

Nimekuleta hapa kwa sababu vituo hivyo 14 ndivyo umbali kati ya "inasemekana" na "imethibitishwa". Panya si watoto. Ilibidi dawa ijaribiwe kwa watu, chini ya macho ya FDA, idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa. Kwanza ilijaribiwa kama ni salama, na ikaonekana ni salama. Ndipo ukafuata mtihani wenyewe, ambao matokeo yake yalichapishwa 2015.

Watu 68 wa umri wa miaka 12 hadi 45, wenye mzio wa njugu, korosho na jamii yake, simsim au samaki, waligawanywa makundi mawili. Wengine walipewa dawa, wengine vidonge vya kufanana visivyo na dawa ndani, na hakuna aliyejua amepewa nini. Walimeza vidonge 10 mara tatu kwa siku. Piga hesabu: vidonge 30 kila siku, kwa miezi 6. Mwisho wake walilishwa kidogo kidogo kile walichokiogopa, ili ionekane wanaweza kustahimili kiasi gani.

Hapakuwa na tofauti. Waliomeza dawa hawakuwashinda wale waliomeza vidonge vitupu.

Watafiti hawakuficha. Walieleza kwamba asilimia 44 ya washiriki hawakuwa wakimeza vidonge ipasavyo kwa angalau thuluthi moja ya muda huo, na ni nani atakayewalaumu? Walieleza pia kwamba seli za damu za wagonjwa, zilipowekewa dawa hiyo ndani ya maabara, zilionyesha dalili za kutulia. Ndiyo maana kazi haikuachwa. Watafiti waliichuja dawa ili vidonge vipungue, na wakaitafuta ile kemikali hasa inayofanya kazi. Mojawapo ni berberini, kitu cha rangi ya manjano kinachotia uchungu huang lian na huang bai. Katika maabara, berberini iliwahi kuonyesha kwamba inaweza kupunguza utengenezaji wa IgE. Taabu yake ni kwamba ikimezwa, utumbo hufyonza kidogo sana.

USIKIMBILIE MSITUNI

Najua sasa kuna msomaji anayewaza: kama ni miti, hata sisi tunayo. Kweli. Berberis holstii, kichaka chenye miiba cha nyanda zetu za juu, kina berberini. Mjafari wetu ni wa jamii moja na ile pilipili ya Kichina. Na muiri, ambao gome lake limesafirishwa sana Ulaya kwa dawa ya tezi za wanaume, ni wa jamii moja na plamu nyeusi.

Lakini ujamaa wa miti ni kama wa watu. Ndugu wawili huweza kuwa na tabia mbalimbali kabisa. Hata berberini yenyewe si mchezo kwa watoto. Singapore iliipiga marufuku mwaka 1978 kwa kuhofia watoto wachanga wenye homa ya manjano ya kuzaliwa, na marufuku hiyo haikuanza kulegezwa hadi miaka ya 2010.

Wala usinielewe vibaya ukadhani nayabeza mambo ya kale. Dawa mseto ya malaria tunayoiita AL, ambayo pengine umewahi kuimeza, ina kemikali iliyozaliwa na utafiti wa Tu Youyou katika mmea wa Artemisia annua, naye aliongozwa na kitabu cha karne ya nne. Mwaka 2015 alitunukiwa Nobel. Tazama basi: mwaka ule ule, kitabu kimoja cha kale cha China kilileta Nobel, na kingine kikashindwa mtihani. Ukale wa kitabu hauthibitishi dawa, wala hauipingi.

ALICHOSEMA DAKTARI

Siku mbili baadaye dada alimpeleka mtoto kwa daktari wake wa kawaida, nami nikafuatana nao. Alimwambia yote, hata habari za Chinatown. Daktari hakumkemea. Alimweleza kuhusu yale majaribio, kisha akamweleza mambo ambayo yamefanikiwa.

La kwanza ni la wahenga: dawa ya moto ni moto. Mtoto hulishwa unga wa njugu kwa vipimo vidogo mno vinavyoongezwa polepole mbele ya daktari. FDA iliidhinisha unga wa aina hiyo Januari 2020. Hauponyi, ila huupa mwili uzoefu, na wakati mwingine matibabu yenyewe huleta mzio.

La pili ni sindano ya omalizumab, ambayo ilikuwa ikitumika kwa pumu tangu 2003 na ikaidhinishwa kwa mzio wa chakula Februari 2024, kuanzia umri wa mwaka mmoja. Hunasa zile IgE kabla hazijafika kwenye seli. Katika utafiti uliotangulia idhini hiyo, asilimia 67 ya waliodungwa waliweza kustahimili miligramu 600 za protini ya njugu, yaani karibu njugu mbili na nusu, wakilinganishwa na asilimia 7 ya wale waliodungwa dawa tupu. Hata hapo, mgonjwa huendelea kuepuka njugu. Faida yake ni kwamba chembe iliyofichika katika keki ya jirani haitakuwa hukumu ya kifo.

"Njugu mbili na nusu," dada alirudia polepole. Kwa mtu mwingine ni kidogo. Kwake yeye ulikuwa ulimwengu mzima.

La tatu ni kwa wenye watoto wachanga. Utafiti uliofanywa London na kutangazwa mwaka 2015, ukihusisha watoto 640 waliokuwa katika hatari kubwa, ulionyesha kwamba walioanza kulishwa vyakula vya njugu wakiwa na umri wa miezi 4 hadi 11, wakaendelea hadi miaka 5, ni asilimia 3 tu waliopata mzio. Miongoni mwa walionyimwa ni asilimia 17. Mama zetu waliotia njugu za kusagwa katika uji hawakuwa wajinga. Lakini mtoto mwenye ukurutu mkali au mzio wa mayai aonwe na daktari kwanza.

Nawe uliye nyumbani, mwanao akivimba midomo, akitapika na kupumua kwa shida baada ya kula, usichemshe mti wowote, wala usimpe kidonge cha mafua umngojee. Mkimbize hospitalini, adrenalini kwenye msuli wa paja ndiyo dawa ya kwanza. Kalamu za sindano ni adimu na ghali kwetu, lakini adrenalini ya kichupa ni dawa ya kawaida ya hospitali.

NJUGU ZANGU

Nadhani unauliza zile njugu ziliishia wapi. Jioni ya mwisho nilizichukua hadi bustani ya Columbus, nikakaa kwenye benchi na kuzila nikiwatazama wazee wakicheza. Mmoja alinyoosha mkono bila kusema neno, nikammiminia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Zilizobaki nilimwachia.

Kisha nikatafuta choo chenye sabuni. Nilikuwa nimefundishwa kwamba ile dawa ya kupaka mikononi haiondoi njugu, ila maji na sabuni. Nikanawa hadi viwiko, nikasukutua mdomo, nikabadilisha shati nililokuwa nimelibeba mfukoni. Nikapanda treni nambari 6 na kupita vile vituo 14 na vingine vingi hadi Bronx.

Mpwa wangu alifungua mlango, akasimama. "Mjomba, umenawa?"

"Nimenawa, baba. Kwa sabuni."

Ndipo akaja akanikumbatia.